Sindano Kwenye Mfuko Mweusi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Bado unapanda kile kilima cha Mwamgongo kwenda shamba na maumivu yale, au umekubali kupumzika? Mimi ni mzima wa mwili. Namwomba kaka Elia anayekusomea asiruke neno, hata lile la kunivunjia heshima.

Huku kambini napima damu za wakimbizi katika maabara ya hospitali. Sindano zilizokwisha kutumika zina boksi lake gumu. Likikaribia kujaa tunalifunga na kulihifadhi stoo kwa kufuli mpaka lichomwe. Mfuko mweusi ni wa kutupia makaratasi tu. Siku moja, miezi michache iliyopita, boksi lilikuwa limejaa, foleni ndefu, nikaona uvivu kwenda kuchukua jingine. Sindano nikazitupa kwenye mfuko mweusi.

Mama Speciosa, mkimbizi wa Burundi anayetufanyia usafi, akaja kuubeba. Nikasikia ukelele. Damu ilimtoka kiganjani.

Mkuu wetu aliingia akifoka. "Umepekua takataka! Nyie wakimbizi mnatafuta nini humo? Kesho usije!"

Mama Speciosa alinitazama mimi. Alijua. Nami, mama, nikatazama sakafu. Mwanao, niliyekuona ukiwapikia uji watu kama yeye waliposhuka mitumbwini ufukweni kwetu, nilinyamaza. Alikwisha kuvua aproni, yuko mlangoni, ndipo nikasema, "Ni mimi niliyezitupa."

Siku ileile alianzishiwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Zilimtapisha, zikamkondesha. Mimi nilipewa onyo; kazi tukabaki nazo sote wawili. Kila alipopita na ndoo nilijiinamia kwenye hadubini, hata kama hapakuwa na cha kutazama.

Wiki hii amepimwa kipimo cha mwisho. Ni mzima. Majibu nilimpa mwenyewe, nikapiga magoti kumwomba radhi. Akaniinua.

"Sindano nimekusamehe, mwana wanje," alisema taratibu, akiniita mwanawe kwa Kirundi. "Kuchoka kila mtu huchoka. Lakini vile ulivyoinamisha kichwa, hilo bado."

 

Nisalimie shemeji, mke wa kaka Elia, na shangazi wa Buzebazeba akija kukuona. Wao waambie nipo tu, nafanya kazi. Wewe ndiye niliyeona sipaswi kukuficha. Niombee, mama.

Ni mimi mwanao, mwenye haya mbele yako,
Zabroni