Kuku wa Supu Ambaye Hakuchinjwa

Ndugu mshauri, nisaidie kabla Jumapili ya mwisho wa mwezi haijafika, maana siku hiyo natakiwa kusimama mbele ya kanisa zima kijijini Mungaa nitoe ushuhuda wa uongo, na uongo wenyewe niliutunga mimi.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, mwalimu, naishi Mandewa hapa Singida mjini na binti yangu Jenipher, paka mmoja tunayemwita Karani kwa sababu hulalia daftari ninazosahihisha, na kuku jike mwekundu aitwaye Bado, ambaye ndiye aliyenifanya nikuandikie. Miaka miwili na nusu iliyopita niligundulika na saratani ya titi, nikakatwa titi la kushoto kule Dar es Salaam, nikatundikiwa dripu za kemo mara sita, nikapigwa mionzi, na sasa ni mwaka na miezi minne daktari anasema ugonjwa hauonekani ila nirudi kila miezi sita aniangalie, kwa hiyo siwezi kusema nimepona kama anavyopona mtu wa malaria, nasema tu kwamba leo nipo.

Baada ya dripu ya pili, nikiwa nimerudi nyumbani sina nywele wala nyusi, shangazi yangu Eliana, dada wa marehemu baba, mwenye miaka sabini na tisa, alipanda basi kutoka Mungaa akiwa amempakata kuku ndani ya kitenge, maana katika ukoo wetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na kuku wa mgonjwa hagawanywi isipokuwa firigisi, ambayo ni ya mwanamume wa nyumba, huchinjwa na mgonjwa akanywa supu yake hadi tone la mwisho, na aliyemleta lazima aulize kama imekwisha. Shangazi alimweka kuku miguuni pangu akasema, "Huyu nimemlea tangu kifaranga, hajaonja chakula cha dukani hata siku moja. Kunywa uinuke." Akageuza siku ileile, maana mbuzi wake walibaki bila mchungaji.

Sasa mshauri, wakati ule kila kilichoingia mdomoni kilikuwa na ladha ya msumari, na harufu ya nyama peke yake ilinitupa kwenye beseni, kwa hiyo kila asubuhi Jenipher alisimama mlangoni na kisu akiuliza, "Mama, tumchinje leo?" nami nikajibu, "Bado." Kesho yake, "Mama, na leo?" "Bado." Wiki ya tatu akacheka, akasema, "Huyu ameshapata jina. Lakini mama, kuku huyu ana kazi gani humu ndani?" Nikamwambia, "Ananiangalia." Na ni kweli alikuwa ananiangalia, wageni waliponitazama macho yao yalikimbilia kifuani kisha yakaruka ukutani, lakini kuku alinitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akanitazama kwa la pili, kisha akaendelea kuparua.

Daktari alikataza nisiguse kinyesi cha kuku wala cha paka wakati wa dawa, Jenipher ndiye aliyefagia, mimi nilikaa tu kibarazani na kilemba changu, Karani amelala juu ya miguu yangu iliyokufa ganzi, Bado anazunguka, na siku zikapita hivyo, na nikawa nakumbuka nyumba ya tembe ya baba, ya paa la udongo, kule Mungaa, ambako ndama walilala upande wa pili wa ukuta tukisikia wanavyocheua, na kuku walilala chini ya kitanda cha miti, na kila mtoto aliyeachishwa ziwa alionyeshwa kifaranga akaambiwa huyu ni wako, na aliyetuonyesha alikuwa huyuhuyu shangazi Eliana, wakati huo mwanamke kijana mwenye sauti kubwa na kanga iliyofungwa kiunoni kama anakwenda kupigana. Wangu alikuwa mweusi mwenye shingo tupu. Sijui kwa nini nilipokuwa nakaribia kufa sikumkumbuka sana marehemu mume wangu, nilimkumbuka yule kuku wa shingo tupu.

Siku dripu ya sita ilipoisha, Bado alitaga yai la kwanza ndani ya lile beseni nililokuwa natapikia. Jenipher alikuwa ameliosha na kulianika jua. Sasa ndilo kiota chake, ameshaangua mara mbili humo.

Kosa langu ni hili. Wiki mbili baada ya kuniletea kuku, shangazi alipiga simu. "Ulikunywa?" Nikasema, "Nilikunywa, shangazi." "Yote?" "Yote." "Na mifupa?" "Nilinyonya." "Na firigisi ulimpa nani?" Nikasema nilikula mwenyewe, akacheka sana, akaniambia kwa Kinyaturu kwamba ni sawa, siku hizi mimi ndiye mwanamume wa nyumba hiyo. Ningemwambiaje mzee aliyesafiri na kuku mapajani kwamba nilishindwa hata kunusa zawadi yake? Nikamwongezea na chumvi, nikasema, "Supu yako ndiyo iliyoniinua." Neno hilo lilimfurahisha mno, mshauri, na lilikuwa rahisi kulisema.

Lakini sasa Mungaa nzima inajua kwamba mwalimu alitibiwa Dar akashindikana, akaponywa na supu ya kuku wa Eliana. Na mke wa binamu yangu Obadia, anaitwa Martha, ana miaka thelathini na nane na watoto wanne, ana uvimbe kwenye titi tangu wakati wa kuvuna alizeti, na Obadia ameniambia kwenye simu kwa furaha kabisa, "Dada, sisi hatuhangaiki na Dar. Wameshachinjwa kuku watatu, shangazi mwenyewe anachagua." Nilimpigia Martha mwenyewe nikamwambia aende hospitali, akanijibu kwa upole, "Wifi, mbona wewe ulipona kwa supu? Au kwangu unaona haitoshi?" Nikamuuliza habari za watoto, nikakata simu.

Jumapili hiyo ni ibada ya shukrani kwa ajili yangu, shangazi ndiye aliyeiomba, na Martha atakuwa benchi la mbele. Juzi nilichukua kisu nikamshika Bado, nikiwaza kwamba nikimchinja na kunywa supu yake leo, basi angalau nusu ya uongo itakuwa kweli. Alitulia mikononi kama anavyotulia siku zote. Nikamwachia, nikakaa chini ya sinki nikalia hadi Karani akaja kuangalia kuna nini.

Nifanye nini? Nikisema ukweli nitamwaibisha mama wa miaka sabini na tisa mbele ya kijiji kinachomwamkia. Je, nisingizie kuumwa nisiende, kisha nimshawishi Martha polepole kwa simu? Najua kalamu yako haina huruma, lakini niandikie.

Mwalimu wa Mandewa

JIBU

Mwalimu, kisu kirudishe jikoni kikakate vitunguu.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nililia pale kwenye beseni, sikufichi. Mara ya pili nilikasirika, na ninaandika nikiwa bado na hasira hiyo.

Kwanza hukukosea kumwacha kuku aishi. Mtu ambaye hata maji yanamrudi halazimishwi supu, na ningependa kila mwenye tabia ya kumwinamia mgonjwa akimhimiza "jikaze ule" alisome hilo kwa sauti. Tumemgeuza mgonjwa kuwa mwenyeji! Tunamtembelea, tunamletea tunachotaka sisi, kisha tunasubiri atushukuru, atuambie anaendelea vizuri, atuondoe hofu zetu sisi wazima. Ulidanganya kwa sababu tumekufundisha kwamba kazi ya mgonjwa ni kuwafariji wageni. Hapo nipo upande wako, na atakayebisha anajua anwani ya gazeti.

Lakini mwalimu mzima! Uongo ule ulikuwa wako na shangazi yako tu siku ulipoutamka. Siku Obadia aliposema "hatuhangaiki na Dar" ukanyamaza, uliacha kuwa upole, ukawa dawa bandia, na muuzaji wake ni wewe. Wewe ambaye umekatwa, umetundikiwa, umechomwa, ambaye unajua kwa mwili wako kilichokuweka hai, umemwachia Martha supu. Tangu uvunaji wa alizeti! Hesabu miezi. Uvimbe hausubiri mtu amalize aibu yake.

Na wasomaji mlioshika simu tayari kuniandikia kwamba wazee wetu hawakuijua saratani kwa sababu walikula vya asili, nisikilizeni kidogo. Nilikulia Itigi. Bibi yangu alikuwa na mbuzi mweupe aliyemfuata hadi kisimani, na jioni alinifundisha kumkuna mbuzi yule katikati ya pembe mpaka afumbe macho. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilipokuwa na miaka minane bibi alianza kufunga kitambaa kifuani. Tuliambiwa ana kidonda. Hakikutajwa jina, alihamishiwa chumba cha nyuma, na mbuzi akaruhusiwa kulala naye kwa kuwa harufu haikumsumbua mbuzi. Alichinjiwa kuku wengi mno. Najua, maana yeye alikunywa supu na sisi wajukuu tukagawana miguu na vichwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiikumbuka miguu ile kwa hamu, ilivyokuwa mitamu yenye chumvi, mpaka nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaelewa nilikuwa nakula nini. Reli ilipita hatua mia tatu kutoka mlangoni kwetu. Treni ilipiga honi ikaenda zake kwenye miji yenye hospitali, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyempandisha bibi.

Kwa hiyo nami naipenda jana. Naipenda kama wewe unavyompenda yule kuku wa shingo tupu. Lakini anayeipenda jana aikumbuke yote, pamoja na chumba cha nyuma.

Sasa fanya hivi, na usibadilishe mpangilio.

Usisubiri Jumapili ya ibada. Gazeti hili likikufikia, siku inayofuata panda basi la Mungaa, na umpakate Bado ndani ya kitenge kama alivyopakatwa alipokuja. Mjini unaacha paka na Jenipher, kuku unakwenda naye. Ukifika usipite kwa Obadia wala kwa mchungaji. Nenda kwa shangazi, akiwa peke yake. Mzee hasahihishwi hadharani, hilo tumelelewa nalo na ni sahihi, ndiyo maana unakwenda mapema. Mpe shikamoo yake, kaa chini, mweke kuku mapajani mwake, kisha nyamaza. Mtu aliyemlea kuku tangu kifaranga atamtambua kabla hujafungua mdomo.

Atakuuliza. Mjibu kwa Kinyaturu, lugha aliyokuchekea, kwamba ulishindwa kunywa, kwamba uliogopa kumvunja moyo, kwamba kuku wake alikaa nawe kibarazani siku ambazo watu walishindwa kukutazama. Mwambie habari ya beseni. Halafu mwambie habari ya Martha, na hapo usipunguze neno. Unaogopa ataaibika? Mimi namwogopea shangazi yako aibu nyingine, ile ya kumzika Martha huku akikumbuka kwamba kila kuku alimchagua kwa mkono wake. Hiyo ndiyo aibu unayomwandalia kwa ukimya wako. Huenda akakufokea. Kubali kufokewa. Huenda akakaa kimya siku nzima. Kaa naye, osha vyombo, chunga mbuzi.

Kisha nendeni nyote wawili kwa Martha. Ingia naye chumbani, fungua vifungo, mwonyeshe kovu. Hajaliona, nina hakika, kwa kuwa kovu tunalificha na ushuhuda tunaupaza. Mwache aliguse. Mwambie kwamba uvimbe si lazima uwe saratani, na kwamba anayejua ni mwenye kipimo, si mwenye sufuria. Obadia mwambie kwa ukali, wewe ni dada yake. Supu aendelee kumchemshia mkewe, ni chakula kizuri, lakini kwanza hospitali, wiki hiyohiyo, wala si baada ya mavuno mengine. Kadi zako za kliniki uende nazo, Martha aone tarehe, aone kwamba dripu sita zina mwanzo na zina mwisho. Na uende naye mwenyewe. Usimpe namba ya simu ya mtu. Ukae naye kwenye benchi la kusubiri, wewe unayajua mabenchi hayo.

Ibada ya shukrani iwepo, tena iwe kubwa. Asimame shangazi kwanza na kuku wake mkononi, aseme mwenyewe yaliyotokea. Mzee anayejirekebisha kwa kinywa chake haaibiki, anaheshimiwa mara mbili. Wewe useme baada yake, kwa kifupi: madaktari walinitibu, na hawa walikaa nami.

Ukirudi nyumbani nawa mikono baada ya kumshika kuku, usiruke tarehe ya daktari, na mwache Karani alale juu ya miguu yako hata kama ganzi imekwisha. Una deni la siku nyingi za kawaida, zitumie.

Shangazi Eliana alisafiri na kuku mmoja mapajani ili mtu mmoja aishi. Mrudieni nyote wawili, wewe na kuku, mkiwa hai, awaone. Na basi la kurudi Singida lisiondoke kabla Martha hajapata kiti karibu yako.