Mshale wa Upande Mmoja

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumai u mzima, watoto hawajambo, na shemeji mgongo umempa nafuu. Mama naye anaendeleaje na presha? Mimi mwili mzima, dada, mengine utayasoma.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Tumepewa programu ya zamani ya hospitali, walioiandika wameshaondoka. Basi nasoma msimbo wao, yale maandishi yanayoiendesha programu, mstari kwa mstari, kisha nachora ramani yake, wenyewe wanaiita mchoro wa UML: kila klasi, yaani kila aina ya kitu au mtu ndani ya programu, kisanduku chake, na mistari ya kuonyesha nani anamjua nani. Kutwa niko na visanduku, jioni narudi chumbani, nawasha redio nipate wa kuongea.

Juzi nilichora mstari kati ya kisanduku cha Mgonjwa na cha Daktari, nikautia mishale pande zote mbili. Mkuu wetu, mwanamke asiye na mzaha, akaniuliza huo wa pili nimeuona wapi. Nikasema, jamani, daktari atakosaje kumjua mgonjwa wake? Akaniambia hatuchori tunavyodhani, tunachora yaliyoandikwa. Tukafungua msimbo. Kweli bwana, Mgonjwa anamtaja Daktari kila mahali; ndani ya Daktari, Mgonjwa hatajwi hata kwa bahati mbaya. Nikafuta mshale mmoja. Waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka, lakini moyo ulinishuka.

Kwa sababu, dada, yule mhasibu niliyewasimulia kwenye simu, mwenye miwani, asiyetia sukari kwenye chai, ambaye Mama ameshamnunulia kitambaa cha gauni na anakuja kumwona mwezi ujao, hanijui. Niliyowaambia ni kweli, ila niliyaona nikiwa kwenye foleni ya chai. Nilisema tu nimempata mtu, Mama akapiga vigelegele, nikashindwa kumkatiza. Jana tulikutana kwenye lifti, akaniuliza kwa adabu kama nimekuja kutengeneza printa. Nikamwambia ndiyo.

Usicheke. Au cheka, kisha umweleze Mama taratibu. Nilikaa kuandika kwamba asije, kalamu ikagoma. Mwambie mkwe hakuna, kitambaa ajishonee mwenyewe, lakini tiketi asiirudishe. Aje tu. Nitampisha kitanda, mimi nitalala chini. Huku siku zinapita hakuna aliyeniita jina, dada, na nimechoka.

Wabusu watoto, msalimu shemeji.

Ni mimi mdogo wako,
Kibonge

Nimekonda, lakini hilo usimwambie. Ataliona mwenyewe.