Shahidi wa Jeraha la Mume Wangu ni Mtalaka Wangu

Bi Mshauri, baada ya salamu nakuandikia na hasira zimenijaa, kwa hivyo nisamehe nikichanganya maneno, maana jambo hili nikimweleza jirani leo kesho litakuwa limeshafika Wesha, na ndugu zangu nikiwaambia watachukua mapanga, basi nimeona nikuletee wewe usiyenijua.

Mie ni mke wa mtu hapa Ole, Pemba, tunalima muhogo na tuna mikarafuu michache ya urithi. Mume wangu, Kificho, alikwenda vitani na keya, jeshi la Mwingereza, akafika Burma kupigana na Mjapani, na huko bomu likaripuka karibu yake walipokuwa wakishusha masanduku ya risasi, likamchana paja la kushoto, akalala matopeni akivuja damu mpaka mwenzake mmoja, Mpemba kama yeye, alipomtia mgongoni, akavuka naye mto, akamfikisha kwenye hospitali ya mahema. Kipande cha chuma kingalimo pajani hadi leo, masika yakiingia humuuma, na watoto wetu hukigusa kwa kidole kama punje ya kunde. Mwenzake aliyembeba ni Nyange wa Tibirinzi. Na Nyange huyo, Bi Mshauri, ndiye aliyekuwa mume wangu wa kwanza.

Usinifikirie vibaya. Waliporudi vitani Nyange ndiye aliyeniposa, nikaolewa, nikakaa naye kwa wema, kisha akapenda mwanamke mwengine huko Wete, na yule mwanamke akasema yeye ukewenza hauwezi, basi mie nikapewa talaka yangu nikarudi kwa mama. Nikakaa eda hadi ikaisha, na ndipo Kificho alipotuma wazee. Kabla ya hapo, wallahi, Kificho kwangu alikuwa shemeji wa kuamkiana tu, huja na bakora yake, akanywa kahawa na mwenzake, akenda zake. Lakini Nyange alipopata habari ya posa alitamka sokoni mbele za watu kuwa rafiki yake alikuwa akimvizia mkewe, na tangu siku hiyo hawasalimiani hata wakikutana msibani.

Sasa mwaka huu, vita vimekwisha zamani, mudiri, bwana wa serikali hapa kwetu, akatangaza kuwa askari wa zamani ambao hawajapata nishani zao waende afisini Chake Chake, na waliojeruhiwa nao wataje majeraha yao, kwani wana nishani yao mbali. Kificho akavaa kanzu yake ya Idi akenda. Karani akamwuliza cheti cha daktari wa vitani. Cheti hana, hospitali yenyewe ilikuwa mahema, leo iko hapa kesho imehamishwa, nani angemwandikia cheti? Wakapeleka barua bara kuuliza, jibu likarudi kwamba katika waliotibiwa jina lake halionekani. Siku aliyoitwa kupewa jibu hilo afisi imejaa watu, karani akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje:

"Mzee, Pemba hii kila mwenye kuchechemea kaanguka mkarafuu. Tukikupa weye nishani, kesho wachumaji wote watanipangia mstari hapa."

Watu wakacheka. Kificho akamwambia, "Bwana, mie sijaanguka mkarafuu hata siku moja."

"Basi mnazi," karani akamjibu, na watu wakazidi kucheka.

Na katika watu hao alikuwamo Nyange! Alikuja kuchukua nishani yake ya vita, amekaa kwenye benchi na kijisanduku chake mkononi, anasikia kila neno, akainamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mtu aliyemtoa mwenzake kwenye mauti akashindwa kufungua mdomo akasema, huyu hakuanguka, nilikuwapo!

Tangu hapo mume wangu hakai tena barazani, sala husali nyumbani, na watoto wa njiani wamempa jina, wanamwita Mzee Mnazi. Na bwana mkubwa wa afisi mwenyewe alimwambia faragha kuwa akipatikana askari aliyeona kwa macho yake, atamsikiliza. Basi nikamwambia mume wangu, shahidi si yupo? Nitakwenda mwenyewe Tibirinzi nikamwulize Nyange ana roho gani. Akanikazia macho, akanambia, "Mwatum, siku utakayotia mguu nyumba ile, ujue huna mume." Sikwenda.

Kisha harusini nikakutana na Bi Tatu, dada yake Nyange, akanivuta uani akanambia, "Kaka yangu yu tayari kutoa ushahidi. Kificho aje tu amwombe radhi mbele za watu, akiri kuwa alikutaka nawe ungali mke wa mwenzake."

Nikamwambia, "Tatu, mwambie kakako akiri yeye kwanza kuwa ni mwanamme." Nikaondoka na pilau sikuionja.

Nilipomhadithia mume wangu nilidhani atawaka moto, nilidhani nitamshika kanzu asitoke. Kumbe akautazama ukuta, akasema, "Pengine n'kamwombe hiyo radhi, Mwatum, yaishe. Ni maneno tu."

Maneno tu, Bi Mshauri! Maneno hayo si ndiyo jina langu? Mie niliyekaa eda yangu siku kwa siku, leo mume wangu akasimame mbele za watu aseme tulikuwa tukitazamana, na binti zetu waje waposwe na nani? Nikamwambia nishani hiyo akaivae kaburini, nikahamia chumba cha watoto, na huko ndiko niliko. Nifanyeje? Nimwache akakiri asilolifanya? Nende kwa Nyange niachike? Au nidai talaka yangu mwenyewe nipumzike na wanaume hawa wawili na vita vyao?

Mwatum, Ole.

JIBU

Bi Mwatum, hasira yako ni halali, na jibu ulilompa Bi Tatu nimelisoma mara mbili kwa raha yangu. Lakini hasira hiyo umeigawa vibaya. Fungu kubwa umempa mumeo, aliyechekwa, na makombo umewaachia waliomcheka.

Hiyo radhi haiombwi. Kificho asithubutu. Kweli haikombolewi kwa uongo, na akishakiri mbele za watu jambo ambalo halikuwa, basi hata ushahidi wenyewe utanuka, kila mtu atasema hao wamepatana. Mwambie hivyo, ila mwambie kwa upole. Mtu aliyezoea kuheshimiwa akichekwa na afisi nzima hupotewa na kipimo, akashika chochote kinachoelea. Alikosea, nawe una haki ya kuumia. Lakini yale maneno ya kaburini, mwanamke wee! Mtu aliyelala matopeni Burma akiisubiri roho itoke, mkewe ndiye wa kumtajia kaburi? Mtake radhi leo hii, kabla hujateleka chungu.

Tibirinzi usiende. Kile kitisho cha mumeo si neno la kuchezea, mwende nyote wawili kwa kadhi awaambie limesimama wapi, mimi sina elimu ya kuwafungulia hilo. Lakini hata kadhi akikwambia huna neno, usiende. Nyange anangoja ama Kificho apige magoti ama wewe usimame mlangoni kwake. Mnyime vyote viwili. Watakaokwenda ni ndugu zako, mapanga yabaki nyumbani tafadhali, wafuatane na imamu wa msikiti wenu, mchana, mlango wazi, wamwulize neno moja: ulikuwapo au hukuwapo? Akisema alikuwapo, waongozane naye afisini. Akikana, wamwombe kadhi amwite akane kwa kiapo. Ushahidi ni amana, hakupewa aufanye chambo.

Na kwa nini jambo zima mmemtundikia Nyange? Umeniandikia kwamba chuma kingalimo pajani, ukapita mbio kama uliyeona jiwe njiani. Bi Mwatum, hilo ndilo la kushika! Mpeleke hospitali daktari amtazame na aandike alichokiona. Kama hapo hawana mashine ya kupiga picha ya mifupa, ombeni barua ya kwenda Unguja. Mkarafuu huvunja mfupa, lakini haujapata kumtia mtu chuma ndani ya nyama, na mnazi vilevile. Picha hiyo mkaiweke mbele ya bwana mkubwa wa afisi, mkononi mwake, wala isipitie kwa karani. Na huyo karani mshitakini kwa mkubwa wake, mkiwataja waliokuwamo. Kukosa cheti si kosa la majeruhi. Aliyekwenda vitani kwa kuagizwa, akaumia kwa kuagizwa, leo achekwe na kijana ambaye vita vile amevisikia kwenye redio? Mimi hata kuandika haya kalamu inanikwaruza karatasi.

Siwaahidi kuwa nishani itatoka. Serikali ina masikio mazito. Ila mtakuwa mmeidai kwa haki, bila kumchafua mtu.

Majina yenu nimeyageuza, miji nimeiacha kama ilivyo, maana gazeti hili Chake husomwa kwa sauti. Basi na wewe bwana uliyekaa kwenye benchi, sikiliza. Hakuna aliyekunyang'anya mke. Ulimwacha kwa ulimi wako, mwenzako akamwoa kwa mahari na mashahidi. Siku ile ya mto hukumwambia akuombe radhi kwanza ndipo umbebe. Ulikuwa mtu bora kuliko ulivyo sasa, na afisi ile bado iko wazi.

Bi Mwatum, rudi chumbani kwako. Ijumaa mtolee mumeo kanzu, aende msikitini, na akitoka akae barazani mbele ya watoto hao hao wa njiani na majina yao. Asingoje nishani ndipo atoke. Ikija, ije imkute amekaa na watu.