Nimeolewa Nikiwa Ubalozini

Kijiji cha Kasokola,
S.L.P. 27,
Mpanda.
14 Julai 1996

Mpendwa Kaka Ezekia,

Mwangaluka! Najua huko Newala hakuna anayekuamsha kwa salamu hiyo, kwa hiyo ipokee kwa mikono miwili. Hujambo lakini? Kile kifua ulichokilalamikia kimepona? Na hao watoto wa darasa la sita bado wanakutia wazimu? Sisi huku miili ni mizima. Mama mguu unamsumbua asubuhi kwa ajili ya baridi, ila jua likitoka anatembea vizuri. Baba ni mzima kuliko sisi sote, na ukiendelea kusoma utaelewa kwa nini naandika maneno hayo nikiwa nimeuma meno.

Mahindi mwaka huu yamekubali. Karanga hazikufanya vibaya. Habari njema zimeishia hapo, Kaka, na kama umesimama na chaki mkononi naomba uiweke chini, ukae.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba chuo cha Uholanzi kimenikubali nikasomee magonjwa ya ng'ombe kwa miaka miwili, na kwamba gharama ni juu yao. Kilichobaki kilikuwa viza. Nilitaka kwenda Dar peke yangu, mtu mzima na kazi yangu ya mifugo, lakini Baba akasema msichana haendi kuongea na serikali ya watu bila mzazi. Basi tukapanda treni wote wawili, yeye na fimbo yake ya kuchungia. Njia nzima mpaka Kaliua, na kutoka Kaliua mpaka Dar, alikuwa akiwaeleza abiria kwamba binti yake anakwenda kuwafundisha Wazungu kuogesha ng'ombe. Nilijaribu kumsahihisha mara moja, nikachoka.

Getini kwa ubalozi mlinzi alimnyang'anya ile fimbo. Baba akamwagiza asiiegemeze mahali penye mchwa. Ndani tulipokewa na mama mmoja wa Kizungu, mpole, anaongea Kiswahili safi kuliko mimi na wewe. Aliniuliza masomo, akaniuliza kazi, akaniuliza kama nimeolewa. Nikamjibu sijaolewa, naye akaandika. Yote yalikwenda sawa mpaka alipoweka kalamu chini na kuniuliza: "Ukimaliza masomo, kitu gani kitakurudisha nyumbani?"

Kaka, mimi ninayeweza kukutajia dalili za ndigana, ule ugonjwa wa kupe, nikiwa usingizini, nikajikuta nasema nyumbani ni nyumbani. Yule mama akatabasamu kwa huruma, akasema anaamini, ila anahitaji kitu chenye uthibitisho, na nimpelekee kabla Agosti haijaisha. Baba alikuwa amekaa kiti cha pembeni yangu na alisikia neno kwa neno. Natamani mpaka leo angekuwa ametoka kwenda kuangalia fimbo yake.

Ilibidi nibaki Dar kwa ajili ya kupigwa picha ya kifua na kufuatilia vyeti. Baba akatangulia kurudi. Kwa kuwa ile nyumba ya wageni haikuwa na kufuli la maana, nilimkabidhi pasi yangu ya kusafiria akaitunze nyumbani. Nilimkabidhi mwenyewe, kwa mkono huu unaokuandikia. Nikaenda pia kwa wakubwa wetu wa mifugo, nao wakaniandikia kwamba kazi yangu inanisubiri na hakuna atakayekalia kiti changu. Huo ndio uthibitisho wenyewe! Nilirudi na treni nikiwa na furaha kiasi kwamba nilinunua asali Tabora kwa bei waliyonitajia, bila kuomba kupunguziwa.

Nilifika nyumbani mchana, nikakuta boma limejaa ng'ombe nisiowajua. Wana alama ya moto ambayo si yetu, na masikio yamekatwa tofauti. Unanijua, mimi siwezi kupita ng'ombe bila kumtazama. Mmoja alikuwa amevimba tezi chini ya sikio, nikaweka mzigo chini, nikaruka ndani na viatu vyangu vya Dar. Nikawakagua mmoja mmoja nikitafuta kupe. Mama akaja na mguu wake akasimama mlangoni pa boma.

"Za nani hizi?" nikamuuliza.

"Za kwako," Mama akasema. "Umeolewa Sitalike. Jumanne iliyopita."

Nilicheka, Kaka. Nilicheka kabisa, nimeshika sikio la ng'ombe. Kisha nikamwangalia Mama usoni, nikaketi juu ya samadi. Hebu fikiria. Nimeolewa, na kwenye harusi yangu sikuwepo! Siku ile wazee wanakula nyama yangu mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi Dar nimevua blauzi, naambiwa nivute pumzi niishikilie. Halafu eti mahari yangu mwenyewe nimeitafuta kupe!

Mume ni Nathanael, mtoto wa Mzee Yotham. Sina ubaya naye. Nilishawahi kumtibia ndama, akanishukuru, akaondoka. Na usimlaumu, maana naye hakuwepo. Alikuwa na mifugo malishoni Mpimbwe, akarudi akakuta ana mke. Nasikia na yeye alikaa chini.

Nikamwendea Baba. Nilikuwa nimejaa maneno ya kumwambia, lakini alinipokea kwa uso wa mtu aliyemaliza kazi nzuri. Akanitolea karatasi ya mwenyekiti wa kijiji, imepigwa muhuri, inasema binti huyu ana mume Sitalike na ng'ombe zimeshaingia, kwa hiyo hawezi kupotelea Ulaya. "Mzungu si aliuliza kitu gani kitakurudisha?" akasema. "Mpelekee hiyo. Hakuna mtu anayekimbia ng'ombe zilizokwisha kulipwa."

Nikamweleza taratibu kwamba yule mama ameandika kwa mkono wake kuwa sijaolewa. Nikipeleka karatasi hiyo ataniona mwongo. Nikamwonyesha barua ya kazi, nikamwambia jibu nilikuwa nalo tayari. Baba akaigeuza ile barua huku na huku, kisha akasema kazi mtu anaweza kuiacha. Hapo ndipo nilipopandisha sauti mbele ya baba yangu, na sijisifu kwa hilo. Nikasema basi, ng'ombe warudi Sitalike kesho, nami nichukue pasi yangu niondoke.

Baba akanirudishia ile barua. Mama akaanza kuokota vitu ambavyo havikuwa vimeanguka.

Pasi yangu haipo, Kaka. Mzee Yotham aliuliza, mkwe anayevuka bahari anaacha kitu gani cha kuaminika? Baba akampa pasi. Iko Sitalike, imefungiwa kwenye sanduku la Mzee Yotham pamoja na mashuka yake ya sikukuu. Nilimfuata. Alinipokea kwa heshima, akanichinjia kuku, akanitengea kiti, na akaniambia kwa upole kwamba nitakwenda Ulaya bila shaka, ila nikishaacha mtoto hapo nyumbani. Au ng'ombe warudi wote, na pasi naipata siku hiyo hiyo. "Wote" alilisema mara mbili. Yule kuku sikuweza kummeza.

Nikarudi nikawaswage mwenyewe. Ndipo nilipogundua kwamba pale bomani walikuwa nusu tu. Nusu nyingine walikwisha ondoka kabla sijafika.

Sasa vuta pumzi kama mimi nilivyovuta Dar, kwa sababu hapa ndipo unapoingia wewe. Mila unaijua: ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwoza kaka. Baba hakuwaacha walale hata wiki. Aliwaswaga mpaka kwa Mzee Salvatori, yule fundi wa mikokoteni wa karibu na stesheni. Na wewe umeoa, Kaka Ezekia. Umeoa mwezi uliopita, ukiwa Newala unasahihisha madaftari.

Anaitwa Dorotea, binti wa Mzee Salvatori. Yuko hapa. Ameletwa, analala kwenye kitanda changu, mimi nalala na Mama.

Nilimuuliza Baba kwa nini na wewe. Hakukasirika. Alikuwa anachonga mpini, akaendelea kuchonga. "Mmoja amekwenda harudi," akasema. "Wa pili anataka kwenda. Lile swali la Mzungu mimi najiuliza kila siku, ila hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimewafunga nyie wote wawili kwa kamba moja." Nilikuwa nimejiandaa kumchukia angalau mpaka Jumapili, nikashindwa. Kaka, ni Krismasi ngapi hujaja? Nina hasira na wewe pia, na leo nakwambia wazi.

Lakini hasira haifungui sanduku la Sitalike. Wazee wamekaa wakasema Baba hawezi kuwarudisha ng'ombe waliokwenda kwa Salvatori kwa kauli yake. Mwenye mke ndiye anayesema hamtaki, asikike kwa kinywa chake au kwa simu ya maandishi ya posta. Ukikataa, nusu ile inarudi, inaungana na iliyopo, zinakwenda Sitalike, pasi inatoka, nami nawahi treni kabla Agosti haijaisha. Ukinyamaza, nitakuwa nimekataliwa viza na baba yangu, si na Wazungu.

Basi, nenda posta, upige simu ya maandishi kwa Baba. Usiandike barua, itafika nikiwa na mimba.

Nilitaka niishie hapo, maana hapo ndipo panaponifaa. Lakini sitakudanganya. Nilifika nikiwa nimeamua kumchukia Dorotea, na nimeshindwa kwake pia. Ni mtu mzima, ana akili, anacheka kwa sauti. Yeye hakulazimishwa. Aliulizwa, akasema yeye anamtaka huyo mwalimu. Anamkanda Mama mguu kila asubuhi kwa maji ya moto, na Mama, ambaye hajaimba tangu ulipoondoka, jana nilimsikia anaimba jikoni. Mzee Salvatori ameshawaambia watu wote wa stesheni. Ukimkataa, atarudi kwao mchana kweupe akifuata ng'ombe, na watu watamtazama. Yote hayo nimeyapima, na bado nakuomba umkatae. Sikujua kama mimi ni mtu wa namna hiyo mpaka nilipoiandika sentensi hii. Nimeshtuka kuliko siku ile bomani.

Na kama utamtaka, sema hivyo bila woga, ila njoo. Usimwache amsubiri mwanamume wa kwenye picha. Mimi nitatafuta njia nyingine, au nitabaki niogeshe ng'ombe wa Sitalike.

Baba anakusalimu, anasema unenepe kidogo, picha uliyotuma inamtia aibu. Mama anakusalimu sana na anasema chochote utakachoamua usiache kula. Mzee Yotham anakusalimu, shemeji yako Nathanael vilevile, wa kwetu na wa Sitalike wote. Dorotea anakusalimu. Ameniona naandika, akaniomba nikuulize kama wewe ni mpole. Nimemwambia nitauliza.

Mungu akulinde na akupe kauli iliyonyooka, na akuonyeshe njia ya kurudi hata kama hakuna aliyekulipia ng'ombe.

Wako akupendaye, dada yako, mke wa mtu mpaka utakapojibu,

Scola Mwandu