Upana wa Kitanda cha Kwenye Boti

4 Machi

Mwanangu,

Salamu zikufikie huko uliko. Hapa sote wazima, ila goti langu linajua mvua kabla ya redio. Mumeo hajambo? Na lile jino limeacha kukusumbua?

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu unaijua: ukipiga chafya jikoni, wa sebuleni anajibu. Na haya sitaki Mzee ayasikie.

Baba yako anataka kununua boti. Hujasoma vibaya. Tangu astaafu ufundi wa lifti hana raha, anazunguka nyumba nzima akikaza skrubu ambazo hazijalegea. Wiki iliyopita akarudi ananuka rangi, macho yanang'aa kama mtoto aliyeahidiwa pipi. Kumbe kule kwenye yadi ya boti, nyuma ya maghala, kuna boti ya matanga inauzwa. Mtumba. Ya faibaglasi, kitu kile kile cha matangi ya maji, na kwa umri imekuzidi wewe. Eti za zamani ndizo imara, waliokuwa wakizitengeneza hawakubania gundi. Ina mlingoti, jiko dogo la kuchemshia chai, na mahali pa kulala. Mtu anaweza kusafiri nayo miezi.

Nikamuuliza, ya nini? Akasema, "Mke wangu, miaka yote ile nimepanda na kushuka, nimepanda na kushuka. Sasa nataka kwenda mbele."

Basi. Akaendelea kula. Mimi nabaki na nani? Hakusema, nami sikuuliza.

Mama yako


14 Machi

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, mkwe wako anakusalimu sana. Jino nimeling'oa, sasa natafuna upande mmoja kama mbuzi. Goti lipake ile dawa, usiiweke kabatini kama pambo.

Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu kazini wakaniuliza kulikoni. Baba na boti! Lakini mama, asitoe hela kabla haijakaguliwa, na mkaguzi awe wetu, si wa muuzaji. Rahisi huwa ghali.

La pili: mwulize kama mnakwenda wote. Kuuliza si ujinga. Nyinyi wawili nawajua. Nilipokuwa mdogo mlinuniana wiki nzima kwa sababu ya rangi ya ukuta, kumbe wote mlikuwa mnaitaka ile ile ya kijani.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa jino, utazoea pengo.

Neno lako la mkaguzi nilimpa Mzee kama langu, akalikubali. Mkaguzi alikuja na nyundo ndogo, akaigonga boti nzima taratibu, sikio karibu kabisa. Pazuri palilia ko, ko. Alipofika chini ya mlingoti ikalia bu. Maji yalishapenya, mbao zilizofunikwa ndani ya faibaglasi zimelowa. Mwenye boti ni daktari wa meno mstaafu. Akasema, "Hapo ni kidogo tu, hutasikia kitu." Mzee akamjibu, "Ndivyo mlivyokuwa mkituambia na sindano mkononi." Wakacheka wote, na bei ikashuka.

Siku ya kuijaribu Mzee na daktari walikwenda nayo majini, mimi nikabaki ukingoni nimeshika viatu vyao. Walirudi wamelowa mpaka kiunoni, wanacheka kama wehu. Hapo hapo wakatia sahihi. Boti ni yetu. Yaani, ni yake.

Jioni Mzee akaniomba nimshonee vifuniko vya magodoro. Aliongeza na maneno mengine ambayo sikuyasikia, maana nilikuwa naosha sufuria, na nilikuwa naziosha kwa kelele makusudi. Kesho yake alipokwenda kununua mbao, nikachukua tepu yangu nikaenda kupima.

Mwanangu, kitanda cha kushoto kimejaa matanga, kamba na makopo. Cha kulia upana wake haufiki hata wa meza ya cherehani yangu. Mtu mmoja, tena alale ubavu. Nikapima tena nikidhani nimekosea. Nikakaa palepale kwenye vumbi nikalia.

Nimeumia, siwezi kukuficha. Nimemshonea huyu mwanamume kila kitu, hadi ovaroli za kazini. Leo nimshonee na godoro la kunikimbilia? Na tangu juzi anafunga boti kwa kufuli. Ananiambia, "Usije kwanza, kuna vumbi." Vumbi! Mimi niliyemfulia miaka yote!

Nitashona, asije mtu akasema nilikataa. Lakini kile chumba ulichoniambia mwaka jana, bado kipo?

Mama yako


13 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na pole sana. Huku hatujambo kiafya, ila barua yako imeninyima raha.

Chumba kipo. Kitanda kipo, dirisha linaangalia barabarani, utakuwa na wapita njia wa kuwateta kutwa. Ni chako saa yoyote. Ila usije kwa kununa. Mwulize Baba kwanza, neno moja tu. Ningempigia mimi lakini najua hutanisamehe.

Binti yako


9 Mei

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Wewe je? Goti? Roho?

Sijapata barua. Nikipiga simu unasema "tuko salama, wasalimie" halafu unakata. Nasikia nyuma yako cherehani imesimama, na Baba simsikii kabisa. Kimya chako kinanitisha. Mama, ameshaondoka?

Nauli ninayo tayari. Sema neno tu nikutumie tiketi.

Binti yako


20 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Nisamehe. Goti halijambo, roho ndiyo ina habari.

Vifuniko nilimaliza Jumamosi. Kitambaa cha bluu kizito, zipu ndefu, mshono mara mbili. Nilivishona vizuri kwa hasira. Nikavikunja, nikavibeba mwenyewe mpaka yadini, kufuli au hakuna kufuli. Nilishapanga maneno yangu njiani: nitavitupa pale, nitamwambia safari njema, nitakuja kwako.

Nikamkuta ndani, unga wa mbao mpaka kwenye nyusi. Sikumsalimu. Nikainama nikaanza kuvisha godoro. Kifuniko hakiingii. Nikavuta, wapi! Mimi, mwanangu, ambaye sijawahi kurudishiwa nguo na mteja! Ndipo nikatazama vizuri. Meza imeng'olewa. Makopo na matanga yamehamishiwa mbele. Kile kitanda cha kulia kimeongezwa mbao mpaka kikakutana na cha kushoto, na godoro ni jipya, moja, pana. Upande wa nje kabisa ametengeneza kidaraja cha kukanyagia, kifupi, cha mtu mwenye goti bovu.

Nikamuuliza, hiki nini? Akasema, "Kitanda chetu. Mbona umeshona kabla sijakupa vipimo? Si nilikwambia usubiri nimalize?"

"Lini?"

"Siku ile unaosha masufuria."

Nikakaa kwenye kile kidaraja nikalia, safari hii mbele yake. Nikamwambia yote, hata habari ya chumba chako. Akashika kofia akaizungusha zungusha. Akasema, "Mama watoto, mimi nikienda mbele, nimwambie nani kwamba tumefika?"

Nilimshuku bure, na wewe nikakunyima usingizi. Usitume tiketi. Hiyo hela ninunulie kitambaa, duka la hapa kimewaishia. Nakuwekea kipande ndani ya bahasha uoanishe rangi. Chumba usikipangishe, tutakuja wenyewe kwa maji, polepole, mwezi gani sijui.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Ni sahihi. Nimepima sote tukiwa tumelala.

Mama yako

Binti, hujambo? Nimeruhusiwa kusoma barua, basi nami nachomekea. Kitambaa ongeza nusu mita. Mama yako anageuka sana usingizini.

Baba