Ramani Yenye Nyumba ya Bibi

Chole, Mafia
14 Septemba 2025

Mpendwa Dada Safia,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Shikamoo ya pili uiweke akiba, maana ukifika katikati ya barua utaniona sina adabu. Habari za Leicester na baridi yake? Shemeji Ally hajambo? Haruni na Warda wanaendeleaje na hiyo shule ya mezani kwako? Sisi huku alhamdulillahi, wazima. Goti la Mama limepoa tangu aanze kulikanda. Mdomo wake haujaumwa hata siku moja.

Uliponiarifu kwamba umewatoa watoto shuleni na utawasomesha mwenyewe nyumbani, nilicheka mpaka majirani wakachungulia. Wewe uliyekuwa ukiumwa tumbo kila kipindi cha jiografia, leo ndiye mwalimu wa jiografia. Lakini ulinituma nikuchagulie vitabu na ramani ili wanao wapajue kwao, na agizo la dada sina ubavu wa kulikataa. Mzigo anakuletea Taufiki wa Mjomba Muhidini, anakuja huko kusoma. Soma barua kwanza ndipo uufungue.

Sasa nikwambie kwa nini kila ukipiga simu ya video nakujibu kwamba Mama amelala. Halali. Amenuna. Mwezi uliopita Haruni alimwambia kwamba amelizungusha tufe lake la dunia lote na Mafia haipo. Mama akamuuliza, basi bibi yako anaishi wapi? Mtoto akafikiri, akasema, "Majini." Tangu hapo Mama anasema mtu wa majini hapokei simu. Nilidhani utani, lakini nimemwona ameishika simu inalia, anaitazama mpaka inyamaze. Imemuuma, dada.

Kwa hiyo kazi ya kuchagua aliinyakua yeye, na kipimo chake kimoja tu: nyumba yake ionekane. Nilinunua Kilindoni ramani ya Tanzania, nzuri, ya kutundika, kumbe kisanduku cha ufunguo wa ramani kimechapwa palepale tulipo. Mama akauliza, kama huo ndio ufunguo, mbona wametufungia nje? Ikakataliwa. Shamte, yule anayefanya kazi kwenye hoteli ya wapiga mbizi Utende, akatupa ramani ya ghuba yetu. Chole imo, lakini nyeupe tupu, na kila mwamba wa chini ya maji una jina lake. Mama akasema samaki wana anwani, yeye hana. Nayo ikarudi kwa mwenyewe.

Kitabu cha shule alikipenda kwa picha, mpaka tukafika zoezi la kutaja mabara unayoyajua. Kwa Mama bara ni moja, pale boti inapoteremsha watu Nyamisati, na haoni la kuongeza. Nimekificha ndani ya kanga zako. Uwafundishe watoto majibu yote mawili.

Mwishowe akaamuru nichore mwenyewe. Nikakaa mkekani, yeye anaamrisha: gati, msikiti, kisima, nyumba yetu. Nyumba yetu ikatoka kubwa kuliko msikiti, na nikakatazwa kuipunguza. Tulipofika kwa jirani yetu Bi Kijakazi, akaniambia pale nichore jaa. Wamenuniana tangu Ramadhani kwa ajili ya mbuzi ya kukunia nazi, iliyoazimwa kali ikarudi butu. Mimi nani nibishe, nikachora jaa.

Alasiri Bi Kijakazi akapita kuniletea ndimu, mimi, si Mama. Akaiona karatasi, akainama, akaifuata njia kwa kidole kutoka kisimani. Kidole kikasimama.

"Mbona mie simo?"

Hakuuliza kwa ugomvi. Aliuliza taratibu, kama mtu aliyefika kwenye shughuli akakuta hakuwekewa sahani. Nilijua Mama anamsikia Haruni na lile jibu lake la majini.

"Sabra," akasema, "futa hilo jaa."

Nikafuta. Bi Kijakazi akakaa, na kabla hajatulia akadai nimwekee na mdimu wake. Wakabishana mpaka magharibi nyumba ya nani iko karibu zaidi na kisima. Jana nimewakuta wanakuna nazi kwa mbuzi ileile, wote wawili wakilalamika kwamba ni butu.

Nilipotaka kuikunja ramani Mama akanizuia. Nyumba ya Safia iko wapi? Nikamweleza kwamba Leicester haiwezi kuingia, hii ni Chole. Akaninyang'anya kalamu, akachora kibanda baina ya kwetu na kwa Bi Kijakazi, chenye milango miwili, mmoja wa Haruni, mmoja wa Warda. Hapo hapana kiwanja, unapajua, ni uchochoro wa kupita kuku. Usiwarekebishie watoto.

Itundike ukutani, halafu piga simu Ijumaa baada ya swala, Haruni amwonyeshe kwa kidole bibi yake anapoishi. Simu nitamshikisha Mama mwenyewe.

Msalimie sana Shemeji Ally, uwabusu Haruni na Warda. Bi Kijakazi anawasalimu, na anasisitiza kwamba ule mti ni mdimu, si mkorosho. Mungu awakuze watoto na awafikishe hapa kwa miguu yao. Na Mama akipokea, tafadhali usimwambie nimekwambia hakuwa amelala. Muulize tu ameamkaje.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Sabra