Nyasi za Mama Daforoza

Muyinga, Jumanne

Mgongo unaniuma hata kuandika ni shida. Leo nimepandisha nyasi kutoka bondeni, mizigo sita, nizitandaze chini ya mibuni ya baba. Hata mstari mmoja sijamaliza.

Na mimi ndiye niliyerudi kutoka Tanzania na hasira zangu, nikitaka kumshtaki jirani yetu Mama Daforoza kwa wazee wa kilima, eti kavuna kahawa yetu miaka yote tulipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi!

Jioni nilimuuliza, miaka hiyo yote alipoitunza mibuni yetu, nyasi hizi alikuwa akizibeba na nani.

"Mi mwenyewe, mwanangu. Niliogopa baba yako asije akarudi akakuta kichaka."

Kesho mzigo wa kwanza ni wa shamba lake.

Baba hakurudi. Nimerudi mimi, na sikukuta kichaka.